Adrian Mutashobya, Aliyekuwa Karibu Kurudi

Ndugu waombolezaji, naisoma historia hii kwa niaba ya familia, mimi Jovitus, mdogo wake marehemu, na mniwie radhi nikiangalia mlango kila mara, kwa kuwa shemeji yangu Odilia, mke wa marehemu, ametua uwanja wa ndege wa Baiyun, yuko njiani, na saa kumi ukumbi huu unatakiwa mtupu na mwili uende kuchomwa.

Marehemu alizaliwa Maruku, Bukoba, tarehe 9 Machi 1974, akasoma huko huko, akahitimu ualimu mwaka 1997, akafundisha Kiingereza, na wanafunzi wakamwita Mwalimu Nigh, kutokana na neno la Kiingereza cha kale alilolipenda mno, lenye maana ya karibu, maana alieleza kwamba near hapo zamani ilikuwa karibu zaidi, next ikawa karibu kuliko vyote, na kwamba hata neno la Waingereza la jirani, neighbour, asili yake ni mkaaji wa karibu.

Tarehe 3 Januari 2004 alifunga ndoa na Odilia, wakajaliwa watoto wawili, Dainess na Cornel.

Mwaka 2012 aliacha chaki akaja hapa Guangzhou, China, akinunua nguo soko la Shisanhang na kushonesha kwa malaoban, yaani mabosi wa karakana, wa mtaa wa Kangle, na kila Krismasi Odilia akimwuliza anarudi lini, jibu lilikuwa yuko karibu, bado mzigo mmoja tu, na nasema wazi, karibu hiyo ilituudhi.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatuficha hadi Aprili, Odilia akahangaikia viza, ikatoka Jumatatu, Adrian akafariki Jumanne, tarehe 13 Mei. Kwetu Uhayani mtu huzikwa kwenye kibanja chake, shamba lake la migomba, hatumchomi, ila kumsafirisha kumeshindikana, na Odilia ameukubali moto kwa sharti moja, auone kwanza uso wa mumewe.

Tunawashukuru madaktari, tunamshukuru Séverin wa Lubumbashi, mfanyabiashara mwenzake aliyembeba mgongoni hadi hospitali, na majirani, mafundi cherehani wa Kangle, waliozima mashine zao ili waje. Mhudumu wa ukumbi ananionyesha saa, nimemwona, lakini bado nina watu wa kushukuru, nawashukuru wanakwaya, nawashukuru waliopika, namshukuru dereva aliyetuleta, namshukuru na huyo mhudumu mwenyewe.

Kethia, niliyemweka mlangoni amsubiri shemeji, ananipungia mkono. Naomba tusimame, tumpishe njia.

Shemeji, pita mbele, hakuna atakayekuharakisha.

Kaka, sasa pumzika, mkeo amefika.