Halbadiri Ambayo Haikusomwa Nyumbani Kwangu

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenirudishia mwanangu kutoka pale alipokuwa, na akanifunga mdomo mimi siku ambayo ningeufungua ningejuta mpaka kaburini.

Shehe Makame ndiye aliyenitaka niyaandike haya, yasomwe baada ya sala ya Ijumaa, na atakaye ayachukue akawasomee watu wake nyumbani. Nikamwambia mie skuli niliishia darasa la tatu, uandishi wangu ni wa mtu wa kusaga unga. Akasema andika hivyo hivyo. Basi naandika hivyo hivyo. Atakayeona makosa asinisahihishe, asome mbele.

Mnanijua. Mie ni Kombo wa mashine ya kusagia, hapa Kengeja, barabarani. Mashine ile niliinunua imekufa, wenyewe wanataka kuiuza chuma chakavu. Nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua tena, mpaka ikanguruma. Hakuna aliyenifundisha. Boti za wavuvi zikizima injini naitwa mie. Najisifu, ndiyo, lakini nilichonacho nimekipata kwa mikono hii na rehema za Mungu.

Raya ni kitinda mimba wangu. Tangu mdogo alikuwa akikaa juu ya gunia pale mashineni ananiuliza, baba hiki kinazungusha nini, na hiki kikikatika itakuwaje. Kaka zake walipenda mpira. Yeye alipenda mkanda wa mashine. Skuli akafaulu, akafaulu tena, mpaka akapata chuo huko bara. Mkiniuliza anasomea nini nilikuwa nasema hivi: anasomea mashine yenye akili. Yaani chuma, na umeme unaokiendesha chuma, na kompyuta inayokiamrisha. Jina lake mekatroniki. Na chuo chenyewe kinatoa digrii mbili kwa pamoja, moja ya uhandisi wa hiyo mekatroniki na moja ya sayansi, anayemaliza anatoka na vyeti viwili. Wenzake wengi wamechukua moja na inawatoa jasho. Mwanangu kachukua zote mbili.

Barazani niliwachosha watu. Nilikuwa nawaambia, Raya na mwenzake wanatengeneza mkono wa chuma, unaokota yai bila kulivunja. Shaame, jirani yangu wa nyuma ya msikiti, akaniuliza, "Kombo, huo mkono unachuma karafuu?"

"Ukitaka uchume, utachuma," nikamwambia.

"Basi mwambie aulete msimu huu, yakhe. Sisi mikono imechoka."

Watu wakacheka. Kisha Shaame akasema neno jingine, akiwa anavaa makubadhi yake aondoke: "Tutaona kama atamaliza." Neno lile nikalibeba, ndugu zangu. Mtoto wake mwenyewe aliomba chuo akakosa. Nikasema moyoni, huyu ana jambo.

Haukupita muda mrefu, Raya akarudi. Si likizo, si sikukuu. Tulimwona tu anashuka kwenye gari ya abiria na begi moja, amekonda shingo, mtandio umemkaa upande. Mama yake, Bi Zuwena, akamkimbilia. "Mwanangu, unaumwa?" Akatikisa kichwa. "Umefukuzwa?" Akatikisa kichwa. Akaingia ndani akalala.

Na hivyo ndivyo alivyokaa. Hasemi. Ukimwekea chakula anakula matonge mawili matatu anaacha. Mikono anaificha ndani ya kanga, hata joto likiwa kali vipi. Simu yake ikilia anaitazama kama anatazama nyoka, mwisho akaizima kabisa akaitia chini ya godoro. Lakini kilichonichoma mimi ni jambo moja. Nikiwasha mashine, Raya anatoka ndani anakwenda mbali, anafika mpaka kwenye mihogo ya watu, kaziba masikio. Mtoto aliyelelewa na mlio ule! Alikuwa akilala usingizi juu ya gunia mashine inanguruma.

Tulihangaika. Bi Zuwena alimchukulia kombe, maandishi ya Qur-ani yaliyooshwa kwa marashi, akanywa. Tukampeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, akapima damu hakuona kitu, akasema huyu ana hofu kubwa, kuna kitu kimempata, mpeni nafasi aseme. Mie nikamjibu vibaya. Nikamwambia hofu ya nini, mwanangu haogopi hata radi. Akamwandikia siku ya kurudi. Hatukurudi.

Mtaani maneno yalikuwa hayo hayo: husda. Mtoto kafungwa akili. Digrii mbili, tena msichana, tena mtoto wa Kombo msagaji, watu wataacha? Na mie nikawa nasikia neno la Shaame masikioni. Tutaona kama atamaliza. Nikaamua Halbadiri.

Vijana mnaosoma haya mkiwa mbali na huku kwetu, nawaelezeni. Mtu akidhulumiwa na hamjui aliyemdhulumu, hukusanya watu, yakasomwa majina ya watu wa Badri, waliopigana vita pamoja na Mtume, kwa dua, na yule mwenye dhulma ikamfika popote alipo. Si jambo la mchezo. Watu wazima wanaliogopa.

Nikenda kwa Shehe Makame. Alikuwa anakuna nazi, mkewe kaenda harusini.

"Unataka kumsomea nani?" akaniuliza.

"Aliyemdhuru mwanangu."

"Unamjua?"

"Mungu anamjua."

Akaendelea kukuna. Kisha akasema, "Sawa, Kombo. Lakini aliyedhuriwa ana mdomo wake. Raya awepo, akae na sisi, aitikie amin yeye mwenyewe. Bila ya hivyo mimi sisomi."

Nikaona sharti dogo hilo. Nikakubali.

Tukakusanyika nyumbani kwangu baada ya alasiri. Majamvi yakatandikwa, ubani ukafukizwa, watu wakaja. Na Shaame akaja. Akavua viatu, akakaa mbele yangu kabisa, magoti yetu karibu yagusane, akanisalimia vizuri. Nikaitikia kwa pua. Nikasema moyoni, umejileta mwenyewe.

Bi Zuwena akamtoa Raya, akamkalisha kizingitini. Shehe akatia nia kwa sauti, kama inavyofanywa, ili kila mtu ajue kinachoombwa. Akasema, ewe Mola, tunakushitakia yule aliyemdhuru mja wako bila ya haki, kwa mkono wake au kwa ulimi wake, umrudishie dhara lake.

Hapo Raya akasimama. Akapita katikati ya watu wazima, akapiga magoti mbele ya Shehe, akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya kitabu cha Halbadiri.

"Shehe, usisome," akasema. "Itanipiga mimi."

Ndugu zangu, tangu arudi nilikuwa sijaisikia sauti ile. Ilikuwa imekauka kama ya mgonjwa wa kifua. Mtoto akayasema yote pale pale, uso ameuinamisha.

Kumbe yule mwenzake wa kazi ya mkono wa chuma ni msichana anaitwa Neema. Siku moja Neema alikuwa ameingiza mkono wake ndani ya kiganja kile cha chuma, anakaza skrubu. Raya alikuwa anatazama kompyuta. Akadhani mwenzake keshatoa mkono. Akawasha. Chuma kikafumba.

"Vidole viwili, baba," akasema. "Nilivisikia vikivunjika. Wakamkimbiza hospitali, mimi sikwenda. Nilichukua begi nikakimbia. Alikuwa akipiga simu kila siku, sikuweza kupokea. Hakuna aliyenifanyia kitu. Mwenye kudhuru ni mimi. Mkisoma, mnanisomea mimi."

Nitasema kweli kwa sababu nimeombwa nishuhudie, sikuombwa nijipambe. Jambo la kwanza lililonijia si mwanangu. Ni barazani. Nilifikiri, hawa wote wamesikia. Kisha nikaitazama ile mikono juu ya kitabu. Mie nimefanya kazi na mashine umri wangu wote, najua chuma hakina huruma, najua dakika moja ya kutazama pembeni. Mtoto huyu alikuwa akiibeba ile dakika peke yake, ndani ya nyumba yangu, na mie naukusanya mji nimpige.

Aliyesema ni Shaame.

"Shehe, kifunge kitabu," akasema. Kisha akanigeukia. "Bwana Kombo, mtoto wa watu kaumia. Mpeleke huyu akamtake radhi mwenzake. Nyumba yako na mashine yako mie nitakutazamia."

Yule niliyemdhania. Nikamtazama, nikamwambia, "Ahsante, Shaame." Zaidi ya hapo sikuweza, na yeye hakutaka zaidi.

Shehe Makame hakuwaacha watu waondoke. Akasema tumekusanyika kwa dua, na dua itasomwa. Akamuuliza Raya jina la mama wa Neema, akaomba kwa Mwenyezi Mungu amponye Neema mkono wake na amtulize moyo. Tukaitikia amin, umati mzima, kwa msichana wa Kikristo wa bara ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyepata kumwona.

Safari nayo ilikuwa na kazi yake. Mkoani bandarini, watu wanapanda, Raya akasimama chini ya ngazi ya meli akagoma. Wachukuzi wanatupita na magunia, wanatupigia kelele tutoke njiani. Nikamwambia, "Mwanangu, kukubeba siwezi, mgongo wangu mbovu. Lakini mie meli hii siipandi bila ya wewe. Itaondoka tutabaki hapa, kesho itakuja nyengine, tutasimama tena." Akanitazama kuona kama nasema kweli. Alijua nasema kweli. Akapanda.

Neema alikuwa kwa mama yake, Dar es Salaam. Mama akafungua mlango, mwanamke mnene, kajifunga kitenge, akasema, "Bwana asifiwe, karibuni." Mie sikujua kinachojibiwa. Nikasema, "Alhamdulillahi." Akacheka kidogo. Kisha akamwona Raya nyuma yangu, kicheko kikakatika.

Nilikuwa nimetayarisha maneno, tangu baharini nayapanga. Yote yalinipotea. Nikasema tu, "Mama, mie ni baba wa huyu. Tumekuja kutaka radhi."

Akasema, "Mzee, sitakuficha. Nilikasirika. Nilisema sitaki kumwona huyu binti maishani mwangu. Mtoto wangu analia usiku, rafiki yake hata kuja kumtazama hakuja?" Akakaza kitenge chake. "Hata sasa hasira haijaisha yote. Lakini mmetoka mbali, ingieni mle."

Nilimheshimu sana mwanamke yule. Angesema yamekwisha, nisingemwamini.

Neema akatoka chumbani, mkono wa kushoto umefungwa bandeji. Raya akaanguka miguuni pake. Neema akamwambia, "Inuka bwana, unanichafulia kitenge." Kisha na yeye akakaa chini pale pale sakafuni, wakalia wote. Baadaye nilimsikia anamwambia, "Mimi pia sikukwambia naingiza mkono. Tulikosea wote. Lakini kwa vidole sikukasirika kama nilivyokasirika kwa kuwa hukuja. Nilikaa pale hospitali natazama mlango."

Raya akasema, "Nisamehe kwa mlango." Basi. Wakasameheana kwa hilo, na sisi wazee tukala ugali na dagaa bila kuzungumza sana.

Raya akarudi chuoni. Mwaka ule waliurudia wote wawili. Kuna mtu pale chuoni ambaye kazi yake ni kuwasikiliza wanafunzi waliopatwa na mambo, Raya anakwenda kwake, na mie nimemrudia yule daktari wetu kijana nikamwomba msamaha. Digrii zote mbili anaendelea nazo. Nilimwambia akitaka kuacha moja aache, heshima yangu haimo kwenye vyeti vyake. Akanijibu, "Baba, nani kakuuliza?" Nikajua anapona.

Lakini kwa muda mrefu alikuwa hawashi. Waya ataunga, kompyuta ataandika, kuwasha anamwachia mwengine. Nikiswali nilikuwa naliomba hilo tu. Wiki hii kanipigia simu. Akasema, "Baba, leo nimewasha." Nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Neema alisimama mbali, akanyanyua mikono yote miwili juu ili niione. Nikaihesabu. Ndipo nikawasha."

Ndugu zangu, mimi ni mtu mgumu na sikuzoea kulia mbele ya unga wa watu. Siku hiyo nilifunga mashine mapema.

Basi aliye na mtoto aliyerudi nyumbani kimya, kabla hajamtafuta adui, akae naye. Amtake Mungu amfungue mtoto ulimi, amtegemee Yeye, asiwe na haraka kama nilivyokuwa mie. Na kama hajui aanzie wapi, mlango wangu uko barabarani, mashine ikizima tu nasikia hodi. Mwenyezi Mungu atutazamie watoto wetu walio mbali na walio karibu, na mikono yao. Amin.