Kusini Mbili za Mzee Fortunato Ccahuana

Mzee Fortunato Ccahuana Yupa alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1951 hapa Wayllawasi, juu ya Cusco, mtoto wa kwanza wa Mariano Ccahuana na Dominga Yupa. Mdogo wake Leandro ndiye aliyenizaa mimi, Nieves, ninayewasomea haya kabla hatujamzika.

Alisoma Chinchero, kisha akajifunza upimaji wa ardhi mjini Cusco na kuhitimu mwaka 1974. Alituambia kwamba ganda la kiazi halilali bapa mpaka lichanwe, na dunia vivyo hivyo: ndiyo maana ramani hukatwa kanda, na kila ukanda una kaskazini na kusini yake ya karatasi, isiyolingana kabisa na ya ukanda jirani. Mstari unaotenga kanda mbili unapita papa hapa kwetu.

Mwaka 1979 alimwoa Melchora Sinchi. Alimjengea jiko kwa timazi na kamba, akapangia kila sufuria mahali pake. "Mume wangu," Mama Melchora alimwambia mbele ya wageni, "hata chumvi sasa inataka hati?" Mzee alicheka mpaka akamwaga chicha, pombe yetu ya mahindi.

Mwaka 1986 alipima Wayllawasi, na mwaka uliofuata majirani zetu wa Qullpapampa. Hati za zamani zilisema mpaka unatoka jiwe la juu kwenda kusini. Sisi akatuchorea kusini ya ukanda wa mashariki. Wao, kusini ya ukanda wa magharibi. Hakuzilinganisha ramani hizo mbili. Pembe ya malisho yenye chemchemi ikawa yetu kwenye karatasi yetu, na yao kwenye yao.

Kila Kanivali tunazunguka mipaka kwa ngoma na bendera. Mwaka 1994 kila jamii ilifuata karatasi yake, tukakutana chemchemini, ugomvi ukazuka. Jiwe la kombeo lilimpiga baba yangu kichwani, akafa palepale. Baba Mkubwa alinichukua nyumbani kwake jioni ile.

Ndipo alipoziweka ramani zote mbili kwenye ukanda mmoja, akaliona kosa lake. Alikwenda Qullpapampa kuomba mstari mmoja wa katikati na chemchemi ya wote. Kiongozi wao, Don Anacleto Challco, alimjibu: "Fundi, karatasi yako imemla ndugu yako. Sasa unaleta nyingine itule sisi?" Huku nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. "Damu ya Leandro unaigawa nusu kwa nusu?" watu walimzomea. Kila mwaka alirudi kuomba, kila mwaka alikataliwa. Iliniuma kumwona akipanda kilima kile peke yake.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2016. Kanivali ya mwaka huu alinyeshewa mpakani, akaanguka kitandani, na tarehe 11 Machi 2019 akatutoka. Aliniachia neno moja kuhusu watu wa Qullpapampa: "Wakija, msiwaulize wamefuata nini. Wapeni chicha."

Ameacha mjane, Melchora, watoto wawili, Hilario na Benedicta, wajukuu watatu, na mimi. Ameacha pia jiwe la ule mpaka wa katikati, alilolichonga mwenyewe. Lipo nyuma ya jiko, halijasimikwa.

Qullpapampa tumewaalika. Don Anacleto, kama umekuja, chicha ipo. Mimi ndiye mtoto wa Leandro, na ninakuomba, baba: tukishamzika, shika upande mmoja wa jiwe hilo. Sisi peke yetu hatuliwezi.

Mungu ampe Baba Mkubwa pumziko ambalo sisi hatukumpa.