Kilele Kilichopinda na Mama Aliyefukuzwa

Mgeni rasmi, uongozi wa hospitali, ndugu zetu mliofika,

KARIBU
Sisi wafanyakazi wa maabara ya damu tunakukaribisha kwa heshima zote, wewe uliyekuja kutukatia utepe wa uzinduzi. Tuliagizwa tusome mafanikio. Tutasoma yaliyomkuta mwenzetu, tunayemwita Shangazi.

KAZI YETU
Mashine yetu hutenganisha aina za himoglobini, protini nyekundu ya damu, kwa umeme, ndani ya mrija mwembamba kama unywele. Kila aina hutoka kwa mwendo wake na kuchora kilele chembamba kwenye skrini. Mrija ukichemka, damu ikizidishwa, au kuta zake zisiposafishwa, kilele huvimba, huinama, na mkia wake huangukia mahali pa kingine.

YALIYOTOKEA
Kiyoyozi chetu kilihamishiwa ukumbi wa mikutano. Kisha tukaamriwa tuongeze umeme ili foleni iende haraka. Shangazi alipopima damu ya mtoto anayejifunza kutembea, kilele kilitoka kimelala ubavu. Akakataa kutoa jibu.

"Mkia uko mahali pa selimundu," msimamizi akasema. "Andika anayo."

"Hilo ni joto, bosi, si ugonjwa. Acha mashine ipoe nirudie."

"Unabishana na mashine?"

Siku hiyohiyo alipelekwa stoo kupanga maboksi. Jibu akalitoa mwingine: mtoto anayo. Wazazi wakaenda kupimwa kwingine: wote wawili hawana hata vinasaba vya selimundu, ambayo mtoto huirithi kwa mzazi. Baba akamgeukia mkewe.

"Basi huyu ni wa nani?"

Akamtoa nyumbani na mtoto mgongoni.

Shangazi hakupata usingizi. Alimtafuta yule mama hadi kwa wazazi wake, wakampeleka mtoto hospitali nyingine. Kilele kikatoka wima. Mtoto mzima kabisa! Tulipoupelekea uongozi majibu, tukaambiwa tusiichafue hospitali. Nani kaichafua?

HALI YA SASA
Kiyoyozi kimerudishwa leo asubuhi kwa ajili ya ziara yako. Hakijakazwa hata skrubu.

MAOMBI
Kiyoyozi kibaki. Umeme urudi kiwango chake. Shangazi arudi kwenye mashine. La mwisho halingoji bajeti: yule baba amekaa mstari wa nyuma, mkewe amesimama mlangoni na mtoto. Hospitali iseme hapa hapa, kwa kipaza sauti hiki, kwamba ilikosea. Tunasubiri.

Mungu akujalie afya, na awape viongozi wetu ulimi wa kusema ukweli kabla utepe haujakatwa.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Maabara ya Damu, pamoja na Shangazi wa stoo.