Mzee Hillow, Aliyepima Teke la Bastola kwa Kikombe cha Chai

Baada ya miaka ishirini na minane katika karakana yetu ya kupimia risasi hapa Birmingham, Mzee Hillow Madey Abdille anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Machi 2019. Ofisi imeshatoa tangazo lake la Kiingereza, mistari minne, mmoja ukiwa wa tarehe. Sisi Waswahili wa chumba cha kufyatulia tumeona tuongeze kidogo.

Mzee alikulia Garissa, na hapa aliajiriwa kufagia maganda ya risasi. Baada ya miaka mitatu alikuwa akizijaza mwenyewe kwa mkono: fataki ya kuwashia, baruti, kichwa kinachoruka, basi. Kazi yake kubwa ikawa bastola za magnum, zile za risasi kali zenye teke, yaani msukumo unaorudi mkononi. Wateja hutaka kujua teke litaongezeka kiasi gani baruti ikizidi au kichwa kikiwa kizito zaidi. Yeye aliwaambia kwamba kichwa kizito kinasukuma, baruti nyingi inachapa kofi, na anayetaka vyote viwili atafute mkono wa akiba.

Kipimo chake kilitutia aibu mbele ya wageni. Akishafyatua sita, alinyanyua kikombe cha chai kilichojaa pomoni na kukirudisha kisahanini. Kisahani kikibaki kikavu, risasi ni za kawaida. Kikilowa, aliandika "kimelowa" kwenye fomu rasmi. Mwaka 2016 tuliletewa mashine ya kupima teke, ikakubaliana na kisahani kila mara, jambo lililowaudhi sana walioiagiza. Siku moja alifyatua arobaini nzito mfululizo, akashindwa kufunga vifungo, akarudi nyumbani Hodge Hill koti likipepea kwenye theluji. Mkewe, Bi Batula, alimfungulia mlango akamwuliza kama amefukuzwa kazi.

Aliyemcheka kuliko wote ni mimi Denise, ninayeandika haya. Novemba 2017 nilikuwa najaza risasi huku nikimwigiza Mzee na kikombe chake mbele ya Séverin wa stoo. Kwa kicheko hicho, ganda moja nikaliruka bila kulitia baruti. Tulipokwenda kufyatua, risasi ya tatu ilitoka kwa upole wa ajabu. Nikafurahi, nikaanza kuvuta kifyatulio tena. Mzee, aliyesimama nyuma yangu, aliona mkono wangu haukuruka.

"Denise, wacha. Weka chini polepole, mdomo wa bastola uangalie mbele," alisema, kwa sauti ile ile anayoombea sukari.

Fataki peke yake ilikuwa imekisukuma kichwa ndani ya mtutu, kikakwama. Risasi inayofuata ingekikuta hapo, na mtutu ungenipasukia mkononi. Séverin alipouona alisema, "Ah non, Denise, huyu muzee unapashwa kumupa mbuzi." Mimi nilikaa sakafuni nikalia. Mzee alinipa chai yake, kisha akanikalisha nifungue na kukagua baruti ya risasi zote nilizojaza asubuhi ile, mia moja na themanini, moja moja, naye akakaa nami hadi ya mwisho. Sikumwigiza tena.

Bi Batula, tunakurudishia mumeo akiwa mzima, masikio yakiwa mazito kidogo. Ukimwita, mwite mara mbili.

Mzee wetu, asante. Kapumzike kwa raha na afya tele. Kila Jumapili kabla ya kanisa namsuka binti yangu Merveille, na vidole ninavyomsukia bado ni kumi.