Serveri Iliyongoja Jibu la Marehemu

Mjukuu wangu Uwituze alinisimulia haya juzi, tukichambua maharagwe. Katika taksibisi ya kutoka Runingu, mbele yake walikaa wawili wasiojuana. Dorine, sekretere wa shule, alikuwa na ordinateri, ile kompyuta ya kubeba, magotini. Matokeo ya watoto yalipaswa kutoka siku hiyo kwenye tovuti, naye siku tatu hajalala, kwani kila ukurasa wa kuyapandishia ulichukua dakika tano kufunguka.

“Rezo mbaya, mama?” akauliza kuhusu mtandao bwana aliyekaa kando yake, Sévère, fundi wa tovuti.

“Rezo iko muzuri, papa. Wazazi wanafungua mbio. Ni minye tu nateswa.”

Akachungulia. “Serveri yenu, mbele ya kukufungulia, inapiga hodi kwa serveri zingine huko inje, inangoja kila moja ijibu. Hii moja ilishakufa. Inaingoja tu.”

Majirani wa hivyo nawajua.

“Basi funga zote!”

“Hapana! Hii ingine iko nzima, inaleta marekebisho ya usalama, uiache.”

“Weye unahurumia mashine kuliko minye!”

Sévère akaivuta ordinateri, akafunga njia ya ile iliyokufa tu. Ukurasa ukafunguka Dorine akiwa bado ananuna, na matokeo yakapanda yote. Hata hivyo wakaendelea kubishana.

Gari liliposimama Kalundu, Sévère aligeuka amjibu. Dorine, wa kushuka Rugenge, kituo walichokwisha kukipita, alikuwa amelala fofofo.