Bi. Eufrasia na Filamu Aliyomnyang'anya Dereva

Tarehe 30 Juni 2026 Bi. Eufrasia Kasmiri anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutunza kumbukumbu katika kitengo cha eksirei cha hospitali yetu hapa Bariadi. Alipoajiriwa, Bariadi ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Kwa muda wote huo hajapoteza jalada hata moja, wala hajamwacha mtu apumzike.

Nimepewa kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye ofisi moja miaka sita. Wenzangu walisema ninamwogopa kuliko wao, hivyo sitakosea tarehe.

Alichosha, lazima isemwe. Saa ya chai alitutoa nje kumshikia stuli. Juu yake alifunga darubini ya macho mawili, akaziba jicho moja la darubini hiyo, akaacha jua lipite kwenye jicho la pili na kuangukia karatasi nyeupe. Hapo alichora madoa ya jua kwa penseli. Ole wake aliyeinama kuchungulia kwenye darubini yenyewe!

Juni 2020, ilipotangazwa kuwa Jumapili asubuhi mwezi utalimega jua, mji mzima ulikumbuka kwamba tuna filamu kuukuu za eksirei. Walikuja watumishi, shemeji zao, hata mkuu wa kitengo. Wote aliwajibu vilevile: filamu hupunguza mwanga tu, miale inayounguza inapita, na jicho huungua ndani bila kuuma. Kutazama kwenye beseni la maji nako alikataza. Akafunga stoo, akanikabidhi ufunguo.

Masalu, dereva wetu, alinibembeleza. Nilikuwa na wiki tatu tu kazini, nikampa filamu moja.

Jumapili kulipopambazuka nilikwenda kwa Bi. Eufrasia kukiri. Hakunigombeza. Alitoka na kandambili zake, bila hata salamu ya mwangaluka, tukaenda nusu tukikimbia. Masalu alikuwa uani, filamu mkononi, na jua limeshaanza kumegwa.

"Mama, jua nimelizoea tangu nachunga ng'ombe."

"Lile kali lilikufumbisha macho lenyewe. Hili limefifia, utalikodolea mpaka likupofushe. Lete!"

Alimnyang'anya, akamburuta hadi kwake. Tuliligeuzia jua mgongo, na kwenye karatasi likatokea, limeumwa pembeni kama chapati. Doa halikuonekana hata moja, naye akatununia kana kwamba tumeyafuta sisi.

"Yaani nimekimbizwa Jumapili yote hii kuja kutazama karatasi?" Masalu akalalamika.

Alilalamika mwaka mzima. Mwezi uliopita alipimwa macho ili ahuishe leseni yake. Akausoma ubao mpaka mstari wa chini kabisa, ule ambao mimi mwenyewe siuoni.

Bi. Eufrasia, kwa mstari ule mdogo tunakushukuru. Ukakae salama nyumbani Shishiyu, kwa afya na amani. Na majirani zako Mungu awajalie uvumilivu.