Alasiri za Lorine Aloo

Lorine Aloo Ondiek alizaliwa Usenge tarehe 14 Machi 1979, kifungua mimba wa marehemu Mzee Odongo, mvuvi, na Mama Anyango, aliyeketi nasi hapa mbele. Kabla ya kwenda shule alikuwa akifukuza ndege kwenye omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa ufuoni. Siku moja alimuuliza baba yake ng'ambo ya maji kuna nini. Mzee akamjibu, "Kuna watoto wanaouliza maswali kama wewe."

Alisoma shule ya msingi Usenge hadi 1993, kisha sekondari ya wasichana kule Bondo hadi 1997. Mwaka wa 2001 alihitimu stashahada ya kuchora ramani za majengo mjini Kisumu.

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa kanisani Katito na Mwalimu Tom Ondiek. Mungu akawajalia mwana mmoja, Calvince, mwaka wa 2006.

Kwa miaka kumi na minane Lorine alichora katika ofisi ya mkandarasi mmoja mjini. Alitoka nyumbani mtoto amelala, akarudi mtoto amelala. Januari 2020 aliacha kazi hiyo, si kwa uvivu, bali kwa mpango alioufikiria miaka miwili. Aliweka kompyuta chumba cha nyuma, hapa hapa nyumbani Katito. Alianza kuchora saa kumi na moja alfajiri, na ilipofika saa tano asubuhi alizima simu ya kazi. Michoro haikupungua. Alasiri ziliachwa wazi, za kusoma, kutembea, na kupanga safari. Alitaka kulizunguka ziwa letu lote kwa barabara: Busia, Kampala, Bukoba, Mwanza, na kurudi nyumbani kupitia Sirari. Siku kumi na moja.

Mwanzoni mpango ulifaulu. Agosti 2021 yeye na Tom walikaa hotelini kisiwani Mfangano siku mbili. Asubuhi ya pili mhudumu alikuja mara tatu kuondoa kikombe chake. Mara ya tatu Lorine akamwambia, "Kiache, baba. Chai imeisha, lakini mimi bado sijamaliza kukaa." Tom anasema hajawahi kumwona akicheka vile, kabla wala baadaye.

Yanayofuata Tom ameomba yasomwe jinsi yalivyotokea. Sisi jamaa tulipoona Lorine yuko nyumbani mchana, tulidhani hana kazi. Wa kupelekwa kliniki alipelekwa na Lorine. Wa kuchukuliwa shuleni alichukuliwa na Lorine. Kamati ya harusi, kamati ya matanga, mwandishi ni Lorine. Mimi Milka, mdogo wake, nilimwachia wanangu muhula mzima. Tom naye alikuwa akipokea simu zetu na kujibu, "Mama Calvince yuko tu, atakuja."

"Tom, mimi siko tu," alimwambia siku moja.

"Si ni saa mbili pekee?"

"Hizo saa mbili ndizo zilizonitoa ofisini."

Tom hakulielewa jibu hilo. Aprili 2023 shule zilipofungwa, begi lilikuwa tayari mlangoni. Usiku wa kuamkia safari, kakake Tom alipiga simu kwamba anaingia nyumba mpya wikendi hiyo, na nani atasimamia wapishi? Tom akamwambia mkewe, "Twende Agosti. Ziwa halihami." Lorine alifungua begi, akarudisha nguo kabatini moja baada ya nyingine. Agosti likaja jambo lingine. Pasipoti yake haina muhuri hata mmoja.

Novemba 2023 miguu ilianza kumvimba. Alipewa siku ya kumwona daktari, akaiahirisha kwa sababu kulikuwa na mazishi ya shangazi na daftari la kamati lilikuwa kwake. Hakuna kati yetu aliyemwambia aliache. Alipofika hospitalini Mei 2024, shinikizo la damu lilikuwa limeshaharibu figo zote mbili. Kuanzia hapo alisafiri kila Jumatatu na Alhamisi, Katito hadi Kisumu, akalala kando ya mashine saa nne akisafishwa damu, na kurudi amechoka kiasi cha kushindwa kushika kalamu. Ndugu walipimwa, hakuna figo iliyolingana na yake.

Januari mwaka huu, wakiwa wodini, Tom alimshika mkono. "Ukipata nafuu tunakwenda Bukoba. Nimeshaomba ruhusa shuleni."

"Usiniahidi, Tom," alisema. "Keti tu hapa. Na simu ikilia, usipokee."

Simu ililia. Tom hakupokea. Waliketi hivyo hadi wauguzi walipomtoa Tom.

Lorine alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Ameacha mume, Tom; mwana, Calvince, aliye mwaka wa kwanza chuo kikuu; mama yake mzazi, Mama Anyango, ambaye tangu juzi hajala; mimi dada yake, Milka; na jamaa wengi, nyote mliokuja leo kwa wakati.

Lala, dada. Mungu akupe pumziko ambalo sisi tulikunyima.